Siku Shilpi Aliponiita kwa Jina

Konabari, Gazipur,
Ijumaa, 15 Novemba 2019.

Mpendwa mdogo wangu Motaleb,

Asalamu alaikum. Hujambo huko Singapuri? Mgongo wako je, ule unaokuuma ukiinama kupaka rangi matumbo ya meli? Unakula chakula cha moto, au bado mnagombea wali wa jana wanaume wanane? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu, ila mimi nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni ule unaoamka nao, ukavaa nao kandambili, ukapanda nao ngazi mpaka ghorofa ya nne. Shemeji yako magoti yake yanalia kuliko baiskeli yake ya mizigo, lakini hajambo, anakusalimu.

Barua hii anakuletea Liton, mtoto wa mwenye nyumba wetu, pamoja na chupa ya achari ya embe. Usiwagawie wote. Ningekupigia simu, lakini unazijua simu zetu: mimi nalia, wewe unasema "sikusikii, dada," muda umekwisha. Na haya ninayotaka kukuambia sitaki wenzako wa chumbani wayasikie.

Uliuliza cheo cha Shilpi kinaendaje. Haya, kaa vizuri. Mpwa wako ni supavaiza wa laini ya nane, mashati ya kiume, watu thelathini na wawili chini yake, na wenye ndevu wakiwemo. Walichukuliwa wasichana arobaini kutoka viwanda vya huku kwenda kusomea uongozi kazini, wiki sita, kila mtu na daftari lake. Shilpi wangu akatoka wa pili. Wa kwanza alikuwa amesoma chuo, kwa hiyo huyo simhesabu. Mimi niliishia darasa la tano, lakini kichwa kile amekitoa wapi? Si kwa baba yake, na baba yake mwenyewe anakubali.

Walifundishwa mambo ambayo mimi niliyacheka. Supavaiza atembee laini nzima kila saa. Aangalie kazi inarundikana wapi. Mtu akikosea amwite pembeni, akipatia amsifu mbele za watu. Nikamwambia, "Mwanangu, uongozi ni koo. Sijaona laini ikienda bila kupigiwa kelele." Akanijibu, "Koo ninalo, Mama. Nalitunza."

Sasa kosa langu nakuambia mwenyewe, kabla hujasimuliwa na midomo ya Konabari.

Unajua mimi nami niko laini ya nane. Nilikuwa napachika kola, kazi ambayo haipewi mtu ovyo. Miaka ishirini na mbili! Kola zangu zimevaliwa na watu ambao hata majina ya nchi zao siwezi kuyatamka. Siku Shilpi aliposimama mbele yetu na ile fulana ya usimamizi, moyo ulinijaa mpaka nikakosea mshono. Basi kila akipita nasema kwa sauti wasikie wote, "Shilpi, umekunywa maji?" "Shilpi, funga mtandio vizuri." Nikiona mtu hamsikilizi, mimi ndiye ninayemkemea. Wanawake walicheka, nami nikadhani ni kicheko cha mapenzi.

Supavaiza wa laini ya saba, mmoja anaitwa Rezaul, mwembamba kama sindano, alikuwa akipita anasema, "Laini ya nane ina bahati. Ina wasimamizi wawili, mmoja kasimama, mmoja kaketi." Mimi, mdogo wangu, nilichukua kuwa ni sifa. Nikamwambia, "Na wewe mlete mama yako."

Kumbe laini ilikuwa inazama. Wewe unajua kazi ya kupokezana: huyu anaunga mabega, mimi naweka kola, Anowara anapokea anaweka mikono, hivyo hivyo mpaka vifungo. Mmoja akizubaa, wote walio mbele yake wanakaa mikono mitupu. Ubao wa hesabu ukutani ulitaka mashati mia na ishirini kwa saa. Sisi tunatoa tisini, themanini na nane, siku nyingine aibu kutaja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Jumamosi, tarehe mbili, meneja, Bwana Toufiq, akasimama katikati ya ghorofa. Akamwambia Shilpi mbele ya watu wote, "Alhamisi nataka mia na ishirini, kila saa, kutwa nzima. Usipofikisha, unarudi kwenye cherehani. Na wale wenzako watano wa mafunzo wanaongoja vyeo, wasingoje. Nitaweka wanaume, nipumzike." Shilpi akasema, "Sawa, bwana." Sauti haikutetemeka. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, niliona shingo yake.

Wakati wa chakula niliwashukia wenzangu. "Nani anamponza mwanangu? Mmekaa kama wageni wa harusi! Nani mvivu hapa?" Anowara, ambaye tumekaa jirani miaka kumi na mitano, akasema tu, "Mama Shilpi, kula kwanza." Nikaendelea. Ndipo Bithi, kabinti ka kushona mifuko, ulimi wake ni wembe, akasema, "Mama mkubwa, mlima uko mbele ya mashine moja tu humu. Kauangalie ni wa nani."

Nilirudi ghorofani nimekasirika. Mlima ulikuwa wangu. Mafungu ya kola na mashati, mpaka sakafuni. Na mwisho wa laini, kwenye mashine ya akiba, Shilpi ameinama, kopo lake la wali halijafunguliwa, anashona. Anashona kola. Kola zangu, Motaleb.

Nilikuja kujua kwamba amefanya hivyo wiki zote tatu. Kila saa anabeba fungu kwenye rundo langu kimya kimya, anakwenda kulishona huko mwisho ili nisionekane nimechelewa. Kidole gumba changu kimevimba tangu mvua, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe siuoni tena vizuri. Yeye aliona. Atamwambiaje mama yake? Akaona heri abebe. Na akiinama pale, laini haina macho. Ndiyo maana mafungu mawili ya mikono yalishonwa ya kulia kushoto, yakafika mpaka kwa wakaguzi bila mtu kugundua.

Ungedhani niliinuka mwenyewe. Sikuinuka. Nilijiambia mashine ni mbovu. Jumanne nikaketi vilevile.

Jumatano asubuhi, kabla kengele haijalia, akaniita kwenye ngazi. "Mama, leo utakaa meza ya kukata nyuzi. Mashine yako atakaa Bithi."

"Bithi? Yule mtoto asiye na heshima?"

"Ana mikono mepesi."

"Kwa hiyo unanifukuza."

"Nakuhamisha. Mshahara wako haupungui, nimeshaulizia."

"Nani aliyekufundisha kushika sindano?"

"Wewe. Wote wanajua, Mama, umewaambia." Akashusha pumzi. "Nikikuacha pale mimi ni binti mwema, na wenzetu thelathini wanaitwa wavivu kwa ajili yetu."

Nikampa mgongo. Nikaenda nikaketi kwenye mashine yangu, nikaiwasha, nikamtazama kwa jicho la "thubutu uone." Bithi amesimama pembeni hajui aweke wapi mikono. Rezaul kashaanza kusogea apate la kusimulia. Laini nzima imegeuza shingo.

Shilpi akafungua daftari la majina. Akasema, si kwa ukali, kwa sauti ya kusomea orodha, "Hosne Ara Begum. Meza ya nyuzi."

Motaleb, mtoto yule siku alipoandikishwa shule mwalimu alimwuliza jina la mama, akaona haya kulitamka, akaomba chaki aliandike. Sijawahi kulisikia jina langu kinywani mwake. Wewe uliwahi kulisikia jina la mama yetu kinywani mwangu? Mashine zilikuwa zinanguruma lakini mimi nilisikia kimya. Nikainuka. Miguu ndiyo iliyoinuka, mimi nilibaki pale. Nikaenda meza ya nyuzi, nikashika mkasi, na siku ile sikumwona mtu.

Nyumbani nilipika, sikusema. Siku mbili. Shemeji yako akawa mjumbe: "Mama Shilpi, jemadari anauliza kama kuna chumvi." Ijumaa Shilpi akaja akakaa chini, akanishika miguu, akasema, "Msamaha wa jina naomba. Wa mashine siombi." Nikamjibu, "Ondoka nifagie." Lakini sikuuondoa mguu.

Nimesahau kukuambia ya Alhamisi. Mia na ishirini na nne saa ya kwanza. Haikushuka chini ya mia na ishirini na moja kutwa nzima, na Shilpi hakuketi hata mara moja, alitembea tu laini, mkono nyuma, anainama hapa, anasema neno pale. Bithi akasifiwa naye mbele za watu, nikasikia mpaka kule mezani. Anapachika vizuri, nakiri, ingawa kona zake bado. Bwana Toufiq aliutazama ubao akasema "Hm." Kwa mtu yule hiyo ni hotuba. Shilpi ameandikiwa cheo chake moja kwa moja, na wawili kati ya wale wasichana watano wameshapewa laini zao. Mmoja wao alikuja hapa nyumbani na kilo ya peremende za maziwa. Nikamwambia, "Amekusaidia binti yangu." Ni kweli, sikusema uongo.

Kwenye meza ya nyuzi wapo wasichana sita, wote wadogo, wote wanalia mapenzi. Nasimama kutwa. Jioni nyayo zinawaka. Jumanne hii Shilpi alipita na shati mkononi. Akaniita pembeni, karibu na dirisha, akanionyesha uzi niliouacha chini ya kwapa. "Hili lirudie, Mama mkubwa." Ndivyo anavyoniita kazini sasa, kama anavyowaita wanawake wote wa umri wangu. Nikalichukua, nikarudia. Nikasimama kidogo na mkasi wangu, nikifikiri. Miaka ishirini na mbili, kila msimamizi aliyewahi kunirudishia kazi alimtukana na mama yangu juu yake, marehemu mama yetu, ambaye hajawahi kuona kiwanda. Huyu alirudisha shati tupu. Nilitaka kuwaambia wale wasichana sita mtoto huyu ni wa nani. Nikanyamaza, kwa sababu wana kazi, na supavaiza alikuwa anatazama.

Nisalimie Shahjahan na yule kijana wa Bogura anayekupikia. Mkeo Parul nilizungumza naye juzi, mtoto ameota jino la pili. Shemeji yako na Shilpi wanakusalimu sana. Mungu akulinde juu ya majukwaa yenu marefu, akurudishe chini kila jioni ukiwa na viungo vyako vyote, na siku moja akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nikiwa nimechoka na bado nakupenda,

Hosne Ara
(mama wa supavaiza wa laini ya nane)