Tangazo la Mgonjwa

Dar es Salaam,
4 Juni 1956

Dada Eugenia,

Shikamoo. Mwili wangu mzima, ila moyo umeniruka. Mumeo Melkiory amelazwa hospitali huku, wiki ya pili sasa, ni kifua. Alinishika mkono akasema, "Shemeji, niitie Mama Placida." Barua hadi Kaisho ni wiki mbili, nikaona heri nitumie kazi yangu. Jana, Jumapili, baada ya habari, nilisoma mwenyewe redioni: "Melkiory wa Kaisho, Karagwe, ni mgonjwa sana. Mkewe aje haraka." Mlisikia? Kama barua hii inakukuta nyumbani, funga mzigo. Naogopa, dada.

Mdogo wako,
Gozbert

Kaisho,
7 Juni 1956

Mdogo wangu Gozbert,

Hujambo? Ya huku usiulize. Jumapili tulikaa mbele ya redio ya ushirika, karani Kashaija akitufasiria kwa Kinyambo kama kawaida. Nilitambua sauti yako, nikawa nawaringia wenzangu. Mara Kashaija akazima redio, akaenda kuwanong'oneza wazee wa ukoo. Nani asiyejua? Kwetu mtu hatangaziwi kifo waziwazi. Huambiwa wako ni mgonjwa sana, njoo haraka, na majirani wanaanza kuchemsha maharage ya matanga.

Nilipiga yowe. Nimenyolewa. Jana wamezika mgomba badala ya mwili. Sasa shemeji yangu Kaijage anasema mwezi wa Julai ukiandama nihamie kwake, na wazee wameitikia. Mimi, kwa Kaijage, anayechapa hata ng'ombe mwenye mimba! Nina hofu, Gozbert. Ulifanya vyema kutumia maneno ya adabu, lakini niandikie: alikufa lini? Aliniulizia?

Dada yako,
Eugenia

Dar es Salaam,
20 Juni 1956

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Hajafa! Mumeo hajafa! Mimi mtoto wa Kaisho, niliyekulia desturi hiyo, nimeisahau mbele ya kipaza sauti! Huku mgonjwa ni mgonjwa tu. Amekonda, anakohoa damu, lakini anaongea. Kila siku ananiuliza, "Amefika Bukoba?" Sikuthubutu kumwambia kwamba kwao ameshazikwa. Jumapili nitasoma tena kwamba yu hai. Ondoka kabla Kaijage hajakuchukua. Daktari hanitazami usoni siku hizi.

Mdogo wako,
Gozbert

Mwanza,
3 Julai 1956

Mdogo wangu Gozbert,

Marahaba. Barua yako ya kwanza niliipata, nikawasomea wazee. Kaijage akasema hata karatasi ina adabu. Kisha Jumapili ukatangaza Melkiory yu hai. Kashaija alifasiri neno kwa neno, wazee wakatikisa vichwa: "Anamfariji dada yake. Tangu lini mtu aliye hai akatangazwa kuwa yu hai?" Kaijage akacheka, akasema hangoji mwezi tena, kesho analeta pombe ya kunirithi.

Alfajiri nikamwacha Placida kwa mama, nikapanda lori la kahawa hadi Bukoba, kisha meli. Wazee walishasema nikiondoka sina ukoo. Basi!

Mimi mwenyewe sijui niamini lipi. Njia nzima nalia, nacheka, nalia tena, abiria wananiona kichaa. Treni ya leo imejaa. Nitapanda ya Ijumaa, barua hii inanitangulia. Nisikilize vizuri. Nikishuka stesheni, usinipokee kwa adabu. Usiniambie amelala, usiniambie anaendelea, usinikalishe chini kwanza. Kama amekufa, sema amekufa, palepale, mbele za watu. Kama yu hai, usiseme kitu. Nipeleke nikamwone.

Dada yako,
Eugenia, mke wa Melkiory