Kwa Nini Kengele Ziliondolewa

Björkstigen 4,
Härnösand.
Jumatano, 12 Machi 2025

Mpendwa kaka yangu Torkel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako theluji bado imegoma kuondoka. Hujambo wewe? Goti limepoa? Na ule mluzi wa masikioni, bado unakukatisha usingizi? Najua huko Nyuzilandi baridi ndiyo kwanza inawanyemelea, basi vaa kofia, usijifanye kijana. Sisi wa huku ni wazima wa mwili, ila mimi moyo wangu haujatulia tangu Jumatatu.

Mama hajambo. Anakula vizuri pale kwenye makao ya wazee, na kila Alhamisi wanapopewa supu ya njegere hugombana na mpishi kwa sababu ya haradali. Akikasirika namna hiyo najua ni mzima.

Sasa habari yenyewe. Kesho jioni binti yako Vendela anapiga selo, lile fidla kubwa la kukumbatiwa kwa magoti, mbele ya okestra yetu, na mimi nitakuwa nyuma yake, kwenye kiti changu cha siku zote. Muziki ni mpya. Ameandikiwa na kijana mmoja, Malte, aliyekulia kwenye roki nzito kama ile mliyokuwa mkiipiga katika gereji ya baba. Waya wa chini wa selo unalegezwa mpaka unanguruma, ngoma zinatwangwa, na sisi wenye mvi tunaambiwa tukanyage sakafu kwa viatu. Ungetuona ungecheka mpaka ukae chini. Tiketi zimekwisha, na redio itarusha moja kwa moja.

Naogopa, Torkel. Acha niseme tu. Vendela hasikii vizuri.

Jumatatu, mazoezi ya kwanza, tulifika sehemu ya mwisho, pale selo yake inapopanda juu kabisa. Sauti ilikuwa imepita mahali pake. Kidogo tu, lakini kila aliyekuwa ukumbini alisikia isipokuwa yeye. Nilingoja Staffan, anayetuongoza, asimamishe. Hakusimamisha. Si unatujua watu wa huku? Badala ya mtu kusema neno, fidla zikaanza kumfuata, zikapanda naye polepole, na sisi wa selo tukapanda, na ilipofika mwisho okestra nzima ilikuwa imehamia alipo yeye ili asionekane amekosea. Nami nilihama. Vidole vilikwenda vyenyewe, kwa adabu.

Wakati wa kahawa tulisifia mikate ya iliki. Watu sitini, mazungumzo yote ni mikate.

Zikabaki kengele. Kuna kengele za chuma anazozigonga Berit wa ngoma, pale pale mwishoni, na chuma hakihami kwa kumwonea mtu haya. Kila alipozigonga, kosa lilisikika waziwazi. Jana Staffan akamwambia azifunike kitambaa, eti sehemu hiyo inapendeza zaidi bila kengele. Nilimfuata Berit chumba cha makoti.

"Na wewe umekubali tu?"

"Ulitaka nifanyeje? Nimwaibishe mtoto wa watu?"

"Si mtoto wa watu. Ni wa kaka yangu."

"Basi mwambie wewe, si ndiye shangazi mtu! Mimi nimefunika kengele zangu na mdomo nimefunga."

Sikumwambia. Nilijipa sababu zote: amechoka, tutamvunja moyo, labda ni mafua. Lakini nilikuwa nimeshamwona jinsi anavyoweka simu sikio la kulia tu, na jinsi anavyocheka kwa kuchelewa mtu akimtania kutoka upande wa kushoto. Miaka sita anapiga na bendi kwenye vile vilabu vya kelele bila kuziba masikio. Hilo hakulitoa mbali.

Leo asubuhi, baada ya mazoezi ya mwisho, alinijia akiwa bado na jasho usoni.

"Shangazi, mbona wameniondolea kengele? Nazipenda mno zile."

Nikamwambia ukumbi unavuma sana. Nilimtazama machoni nikamdanganya. Akanikumbatia, akasema, "Afadhali wewe upo. Hawa wengine hata nikipiga kinyumenyume watasema vizuri. Wewe ungeniambia."

Nilifika mpaka garini, nikashindwa kuliwasha. Nikarudi. Nilimkuta akiifungia selo sandukuni, nikamweleza yote, na kwamba mimi pia nilimfuata. Hakulia. Alikaa sakafuni kwanza.

"Tangu Jumatatu? Wote?"

"Wote."

"Watu sitini! Na mkakaa na mimi mnatafuna mikate!"

Akainuka, akampigia Berit simu. "Berit, ondoa hicho kitambaa. Hizo kengele zisogeze kulia kwangu, karibu kabisa. Na nikipotea usinionee huruma, gonga kwa nguvu." Kisha akaenda kwa Staffan mwenyewe. Sijui waliongea nini, ila Staffan alitoka mle chumbani amekuwa mwekundu mpaka shingoni, akatuambia kesho kila mtu abaki mahali pake.

Kwa hiyo kesho hatutamfuata. Ama atatupata, ama ataanguka huku nchi nzima inamsikiliza. Jumatatu ana miadi na daktari wa masikio, nami nitampeleka mwenyewe, na huko ndiko ninakokuogopa zaidi ya kesho. Ukipata barua hii yote yatakuwa yamekwisha, na sijui nitakuwa nakuonea wivu au huruma kwa kuwa mbali.

Nisalimie wifi yangu Marama na wanao wawili wa huko. Mama anakusalimu, anauliza kama umekata nywele. Berit naye anakusalimu, anasema anakumbuka ulivyomkanyaga miguu kwenye dansi.

Nilikuwa nimefika mahali pa kuweka jina langu, kaka, nikaona siwezi. Tulipokuwa tukitoka ukumbini Vendela aliniuliza: "Baba naye, nani alimwambia habari ya masikio yake?" Nikamjibu hakuna aliyekuambia, kwamba ulijulia kwa daktari, masikio yakiwa yameshaharibika. Ni kweli, lakini si kweli yote. Katika gereji ya baba nilikuwa nikiimba kiitikio kando yako. Ulipoanza kupita mahali pako nilisikia, nikapandisha sauti yangu nikufuate. Nilikufuata miaka miwili, Torkel, nawe ukiwaambia watu hakuna anayeimba nawe vizuri kama dada yako.

Mungu akulinde huko uliko, na kesho asituache hapa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuomba radhi,

Ingalill