Pete ya Korongo wa Nakivale

Duka la Dawa za Mashamba,
Mbarara.
9 Desemba 1984

Mpendwa Kaka Buruhan,

Assalaam alaikum. Habari za Yei? Goti lako linaendeleaje, na shemeji Zuhurah bado anakohoa wakati wa vumbi? Sisi wazima. Tangu ukimbilie Sudan mwaka wa sabini na tisa nimepata barua yako moja tu, lakini nakuandikia tu. Ubishi wangu unaujua.

Mama amepona malaria. Mvua si haba, na matooke yamejaa sokoni.

Kaka, kuna jambo linanisumbua mpaka chakula hakipiti. Unawakumbuka wale korongo weupe wanaotoka Ulaya na kushuka Ziwa Nakivale kila Novemba? Mwaka juzi viwavi waliingia kwenye mahindi huko, nami nikapeleka dawa. Mama Yayeri, mwenye shamba karibu na ziwa, alikataa kununua. Alisema tungoje siku chache, wageni wake wanakuja, hao ndio dawa yake tangu zamani. Nilimcheka mbele za watu, nikawauzia majirani zake, nikawaambia wachanganye dawa mara mbili ya kipimo ili viwavi wafe upesi.

Korongo wakaja, wakala viwavi wenye sumu. Nilihesabu sitini na wawili wamelala katikati ya mahindi, wengine bado wanafungua mdomo. Mmoja alikuwa na pete ya bati mguuni, yenye namba na anwani ya Ulaya.

Niliiandikia anwani ile. Wakanijibu kwa adabu kabisa kwamba walimvisha pete akiwa kinda, miaka tisa nyuma. Walieleza kuwa korongo wanapungua, na nchi nyingi zimekubaliana kuwalinda njia nzima, kila upande utoe habari zake. Wakauliza alikufaje. Niliogopa, Kaka. Nikaandika kwamba ni uzee.

Barua yao ya pili imefika wiki iliyopita. Wanasema, "Kwa msaada wako tumeandika Nakivale kuwa mahali salama. Sababu ya kupungua kwao tutaitafuta kwingine."

Salama! Sasa mchana kweupe nasikia midomo ya korongo ikigongana juu ya mabati ya duka. Nikitoka, hakuna kitu. Mwaka jana hawakuja. Novemba hii nayo imepita, na viwavi wamerudi.

Jana Mama Yayeri alikuja dukani. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Sulait, wageni wangu umewaona?" Niligeukia rafu, nikajifanya napanga makopo.

Leo nimewaandikia wale wa Ulaya ukweli wote, jina la dawa na jina langu. Makopo yaliyobaki nimeyafungia stoo, siyauzi tena. Watakavyoniona, basi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama anakutaja kila anaposwali. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema yake.

Kaka, korongo hupita juu ya Sudan. Ukiwaona, wahesabu, uniandikie idadi hata kwenye kipande cha karatasi, hata akiwa mmoja. Nitampelekea Mama Yayeri. Nami nitajua kwamba uko hai.

Mdogo wako akupendaye, anayekungoja,
Sulait