Jiwe la Severini, Kaburi la Damasi

Silicon Oasis, Dubai
Jumapili, baada ya zamu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na tumsifu Yesu Kristu. Najua umeshaanza kuitikia kabla ya kuvaa miwani, kwa hiyo vaa kwanza, nakusubiri. Macho yanaendeleaje? Lile la kushoto bado linaona ukungu, au yale matone yamesaidia? Mgongo je? Kahawa mmeshapalilia? Mimi mzima kabisa. Nimenenepa kidogo. Wewe utafurahi. Mkuu wangu wa zamu hakufurahi, maana sare haikunenepa pamoja nami.

Nimeandika herufi kubwa kama za mwalimu wa darasa la kwanza, ili usome mwenyewe. Ningeweza kutuma sauti kwenye simu, lakini wewe simu unaiweka spika katikati ya ua, na mara ya mwisho nilipokueleza habari za tumbo langu, nilipewa pole na mtu wa Mbamba Bay nisiyemjua. Habari hii ni ya Baba, haifai kutangazwa. Anaileta Athumani, dereva wa jengo letu, anayekuja likizo. Ndani ya bahasha kuna na karatasi nyingine ya Baba Mkubwa. Usimpe mpaka umalize kusoma, na utaona kwa nini.

Kazi ni ile ile. Nakaa mapokezi ya ghorofa, nawafungulia watu mlango unaojifungua wenyewe. Joto la nje limeanza kupungua, sasa mtu anaweza kwenda dukani akarudi akiwa bado rafiki wa watu. Ghorofa ya juu yuko madam mmoja mwenye mbwa. Juzi alisahau karatasi za mbwa mezani kwangu, nikazisoma, maana zilikuwa wazi. Mbwa yule ana jina lake, jina la baba yake na jina la mama yake, na muhuri juu. Nilizishika nikamfikiria Baba, na ule msalaba wa mti wa kaburini kwake ulioliwa na mchwa, na rangi uliyomwomba fundi aandikie jina ikaoshwa na masika ya kwanza tu.

Basi nikueleze ombi letu la jiwe lilipofikia.

Tangazo liliposomwa kanisani kwamba familia za askari waliofariki ziombe jiwe la kaburi serikalini, mlikaa mkaniteua mimi, kwa sababu niko Dubai na Dubai kuna kompyuta. Ni kweli zipo. Siruhusiwi kuzigusa. Nimetumia ya Prossy, yule Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, mlinzi kama mimi. Kompyuta yake ina ufa kutoka kona hadi kona, kwa hiyo kila ninachokiandika kinaonekana kimekatwa katikati.

Mara ya kwanza niliandika Damasi Kapinga, kama ulivyonituma, na namba ya jeshi uliyoikuta kwenye sanduku lake la bati. Jibu likaja: hakuna askari wa jina hilo. Sikushangaa. Sote nyumbani tunajua Baba aliingia jeshini kwa cheti cha kaka yake. Nilitumaini tu kwamba serikali nayo ingekuwa imeshajua bila kuambiwa.

Mara ya pili nikaandika Severini Kapinga, jina la Baba Mkubwa. Hapo namba ikakubali, kikosi kikakubali, vita vya Kagera vikakubali. Kisha nikapigiwa simu na afisa mmoja, sauti nzito ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliopanga mstari.

"Dada, unamwombea jiwe la kaburi mtu aliyejiandikisha kupiga kura?"

"Ndiyo, Afande. Hapana, Afande."

"Chagua moja."

Nikamweleza. Nikasikia anafunga mlango.

"Cheti cha kaka?"

"Cha kaka, Afande. Yeye mwenyewe aliishia la nne, akachunga mbuzi."

"Na huyo kaka yu hai?"

"Yu hai sana."

Akacheka, Mama. Afande alicheka mpaka akakohoa. Akasema enzi zile nusu ya kikosi ilikuwa inaitikia majina ya kaka zao, wala hakuna atakayemvua Baba heshima yake leo. Ila jiwe linaandikwa jina ambalo mtu alitumikia nalo, hilo halibadiliki. Na mwenye jina lazima aape mbele ya hakimu kwamba siye aliyekwenda, na kwamba anaridhia. Chini ya jiwe familia inapewa mstari mmoja wa maneno yake. Lori la mawe linapanda huko kwetu kabla ya mvua kuharibu njia, na likishapita, yeye hawezi kuniahidi kama litarudi.

Nikamuuliza swali lako. "Afande, maandishi yanapakwa rangi au yanachongwa?"

"Yanachongwa, dada. Kidole kinazama."

Nilipokata simu, Prossy alikuwa amekaa kitandani kwake anasikiliza, maana chumba chetu hakina mahali pa kwenda usisikilize. Umeshasikia kwamba baba yake naye alikuwa askari, upande ule mwingine. Baba yake na Baba walirushiana risasi, sisi tunagombania sufuria.

"Kumbe mlitupiga na majina ya kukopa!" akasema.

"Tuliwapiga na tulichokuwa nacho."

Akacheka, halafu akawa anakunja nguo ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. "Baba yangu hata kaburi hatujui iko wapi," akasema. "Wewe yalla, fanya haraka, maliza hiyo ya kwako. Kompyuta chukua hata wiki yote." Siku hiyo sufuria nilimwachia.

Kesho yake nikampigia Baba Mkubwa. Najua amekwambia nilipiga, na najua hakukwambia tulichoongea, ndiyo maana amekuwa akipita kwako na ndizi bila sababu.

"Klaudia mwanangu," akasema hata kabla sijamaliza kumwamkia, "mimi ni mzima. Leo nimekula viazi."

"Najua, Baba Mkubwa."

"Sasa hao wanaotaka kunijengea kaburi wana haraka gani?"

Nikamweleza habari za kiapo. Hakutaka. Alisema kaburi liko kwenye njia ya shamba lake, na kila asubuhi atapita pale na jembe begani asome kwamba Severini Kapinga amelala. Watoto wa shule watamwamkia kwa mbio. Na wakati wa kuuza kahawa, kama chama cha ushirika kitasikia amekufa? Nikamwambia chama kinamjua kwa sura. "Chama kinanijua kwa jina," akasema. "Sura hawaiangalii."

Nikanyamaza. Nimejifunza mapokezini kwamba ukinyamaza vizuri, mtu huongeza.

"Unakumbuka siku ya mazishi?" akasema. "Wale askari wenzake walivyolia? Severini, umetuacha! Severini, nani kama wewe! Na mimi niko pale nawapitishia chai. Mmoja akanishika mkono, akaniuliza, mzee, marehemu alikuwa nani wako? Nikamjibu, tulikuwa tunatumia jina moja."

Tukacheka wote wawili. Halafu akaanza upya, taratibu.

"Alikuja akaniambia, kaka, niazime cheti. Nikampa kama ninavyompa koti. Wewe unajua nguo yangu ikienda kwa baba yako ilikuwa inarudije?"

"Ilikuwa hairudi."

"Haya. Na hilo halikurudi. Jina langu limevuka mto Kagera, Klaudia. Limelala kwenye mahandaki, limepigwa risasi ya paja, limevishwa medali. Mimi mwenyewe sijafika hata Makambako. Nimelitumia kupigia kura tu." Akavuta pumzi. "Liacheni huko lilikofanya kazi."

"Utaapa, Baba Mkubwa?"

"Nitaapa. Ila zamu yangu ikifika mniandike Severini Mwenyewe."

"Tutaandika."

"Na hilo neno Mwenyewe liwe kubwa."

Halafu akasema neno ambalo ndilo limenifanya nikuandikie. Alisema hatatia sahihi mpaka wewe uridhie. "Anayekaa pale ni mama yako," alisema. "Mimi napita tu."

Mama, najua ninachokuomba. Hujamwita Severini hata siku moja. Wenzake wa jeshini walipokuja kumuulizia Severini, uliwaelekeza kwa Baba Mkubwa, wakapanda kile kilima chote wakiwa na mizigo, wakashuka, na wewe ukawakaribisha kana kwamba hukuwaona mwanzo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Na nakumbuka ulivyoniambia nilipoondoka, kwamba hutaki jiwe la fahari, unataka tu kwamba siku macho yakikuacha kabisa, ukipapasa ujue ni yeye. Na sasa nakuletea jiwe ambalo ukilipapasa utamkuta shemeji yako.

Nimelifikiria jambo hili mapokezini zamu nyingi, watu wakipita na mlango ukijifungua. Ule mstari mmoja wa chini, Afande alisema wengi huandika pumzika kwa amani. Mimi nimeandika hivi, na sijautuma bado, nakusubiri wewe:

Nyumbani aliitwa Damasi.

Kama umeukubali, mpe Baba Mkubwa karatasi yake ya kiapo, kisha mtumie Athumani ujumbe wa neno moja, ndiyo, naye ataniambia. Kama hukuukubali, mpe ndizi zake arudi nazo, na mimi nitamwambia Afande ahsante, khalas, yaani basi, tutapanda msalaba mwingine wa mti kila mwaka mpaka mchwa wachoke. Sitakasirika hata kidogo.

Nisalimie Baba Mkubwa, mwambie viazi aendelee navyo. Nisalimie dada yangu Fidea na hao wanawe wanaoniita Shangazi Dubai wakati mimi ni mama yao mdogo, waambie huku hakuna theluji, aliwadanganya nani? Msalimie na fundi wa rangi, bila lawama. Prossy anakusalimu. Ameniuliza kama pale kwetu mtu akiwasha mshumaa kaburini anaweza kuwasha na wa pili kwa ajili ya mtu mwingine, aliye mbali. Nimemwambia nitakuuliza, ingawa jibu lako nalijua.

Jambo la mwisho, halafu naacha, Athumani anaisubiri bahasha. Nilimuuliza Afande jiwe linasimamaje. Jina la serikali liko juu, kwa ajili ya wanaosoma wakiwa wamesimama. Mstari wetu uko chini kabisa, karibu na udongo. Kwa hiyo ukikaa pale kama unavyokaaga, miguu umenyoosha, umeegemea mkono wa kushoto, wa kulia utaufikia bila kujisumbua. Pita maneno mawili ya mwanzo, nenda la mwisho. Herufi yake ya kwanza ina tumbo, kama yeye alipostaafu. Hapo ndipo pake.

Mwanao akupendaye,
Klaudia