Njia ya Upana wa Usukani

Jumapili, 14 Machi 1976. Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo.

Baba,

Tangu ulipotutoka nimekuwa nikikuandika katika daftari hili kama mtu aliye mbali: Baba alikuwa hivi, Baba alisema vile. Leo nimechoka kukuzungumzia. Nataka kuzungumza nawe.

Nyumba ni kimya. Baiskeli yako iko palepale ulipokuwa ukiiegemeza, nami nikilalamika kwamba inachafua sakafu. Sakafu siku hizi ni safi. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo.

Unakumbuka ulivyojenga vyumba vya kupangisha hapa Kawangware? Hukupima kwa futi. Ulifunga kitanda ulichotengeneza kwenye keria, ukaisukuma baiskeli, ukanisimamisha kando kama mtu mnayekutana naye njiani. Ukasema, "Ukuta uanze pale ambapo hatugusani." Majirani walicheka kwamba umewapa wapita njia chumba kizima bure. Lakini kwa kichochoro hicho ulishuka bondeni hadi karakana yako ya useremala Kibera, na watu wengi wa hapa walipita nyuma yako.

Kisha ukaja ule mtaa mpya wa nyumba za mawe, kila nyumba na mahali pa gari, ukuta mrefu kuuzunguka, na lango moja tu linalotazama barabara kubwa. Tulibaki na kijia cha bondeni, nyuma ya ukuta. Wezi walipopitia hapo, sisi wenye plot, wamiliki wa vyumba vya kupangisha, tukakutana. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu, kwa kuwa nimesoma: "Imekubaliwa njia ifungwe." Tukirudi nyumbani ulisema tu, "Mwandiko wako ni mzuri, Nyambura."

Kichochoro kikazibwa kwa mabati, nawe ukaanza kuzunguka kwa barabara kubwa, isiyo na hata ukingo wa baiskeli. Wiki ya saba hukurudi; gari lilikugonga, ikaletwa baiskeli tu. Dereva alisema hakukuona. Huenda ni kweli; aliyeichora barabara ile hakukuona pia. Lakini mimi nilikuona kila asubuhi, Baba, na bado mkono wangu ndio…

Nimeacha kidogo. Naendelea.

Tangu siku ile sijaona baiskeli ikipita hapa. Mwenyekiti wa wenye plot amenunua gari, na huliwasha kwenda kununua mkate kwenye duka lililo nyuma ya ukuta, ambako ulikuwa ukinituma kwa miguu nikarudi maji ya chai hayajachemka. Mama Atieno, mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, anauza dagaa wa omena Kibera. Anazunguka kwa barabara ile alfajiri na beseni kichwani.

Jana mwenyekiti alikuja. Alitaka nijenge vyumba kwenye kichochoro chetu, kwa kuwa hakiendi popote tena. Nikamwambia nataka njia ifunguliwe. Akacheka. "Dada, umekuwa wakili wa baiskeli? Mtu akitaka kwenda, si anunue gari?" Kisha akaacha kucheka. Alisema nikigusa mabati yale nisitarajie kuitwa tena mkutanoni, wala mwizi akija nisipige kelele.

Alipoondoka nilikwenda kuyatazama. Yamepigiliwa kwenye nguzo zako, Baba. Ziko ndani ya plot yetu. Miezi yote hii sikuwa nimefikiria hilo.

Leo baada ya kanisa nimeyang'oa. Mama Atieno alishika upande mmoja bila kuulizwa. Kisha nikaisukuma baiskeli yako kutoka ndani hadi kichochoroni, naye akasimama kando na beseni lake kichwani. Hatukugusana.

Jioni hakuna jirani aliyenisalimu. Nimekula peke yangu, sahani moja, kama kawaida. Kumbukumbu za leo nimeziandika kwa mwandiko uleule: "Imekubaliwa njia ifunguliwe. Waliohudhuria: wawili, na baiskeli."

Kwaheri, Baba. Sijui kuendesha, hukuwahi kunifundisha, nami sikuwahi kuomba. Nitajifunza bondeni, na nikianguka nitainuka. Na nikiwa hai hakuna ukuta utakaoanza kabla ya pale ulipoonyesha.

Sasa nalala, saa tatu na robo.