Kidonge Kinachozuia Kinachozuia

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza nitangaze rasmi kwa taifa zima la wasomaji kwamba choo cha nyumbani kwetu kimepata mpangaji wa kudumu, naye ni mimi, fundi cherehani wa miaka hamsini na mbili, ambaye sasa nakata suruali mguu mmoja, nakimbilia haja ndogo, nikirudi nimesahau mguu wa pili ni wa nani. Chumvi ya damu yangu ilishuka, nikakatazwa maji mengi, kisha wodini wakanianzishia kidonge kipya, wakanipima, juzi wakaniruhusu. Daktari alisema ni dawa ya kuzuia, nami neno hilo nikalikumbatia: kuzuia maji! Basi mke wangu kila saa na jagi, “Kunywa, baba,” nami, “Nimeshakunywa, mama,” kumbe nimeyamimina kwenye pasi ya mvuke, na pasi imenawiri kuliko mimi, maana ulimi umekuwa msasa na jana nilimwita mke wangu kwa jina la mteja. Je, mwanamke huyu ananipenda au ananimaliza? Na dawa ya kuzuia maji inanitoaje maji hivi?

Fundi, kitambaa unakipima mara mbili; maneno ya daktari mbona uliyakata bila kuyapima? Ipo homoni iliyo kama bawabu wa figo: maji yakitaka kutoka, huyarudisha ndani. Bawabu wako alizidisha bidii, maji yakajaa, chumvi ikazimuliwa. Kidonge hakizuii maji, kinamzuia bawabu! Maji yanatoka, chumvi inabaki. Usipokunywa, chumvi hupanda mbio, na ubongo hauzipendi mbio hizo. Pole, ndugu yangu, lakini acha ukaidi. Kunywa kila ukisikia kiu, rudi hospitali leo hii wakupime damu, na hiyo habari ya pasi umweleze daktari mwenyewe.

Wasomaji, ukweli ni kwamba sikungoja gazeti litoke. Nilipiga namba iliyokuwa chini ya barua, akapokea mkewe. Nikamsomea barua ya mumewe. Akamgeukia fundi, “Baba wee, yaani pasi?” Sauti kavu ikajibu, “Nisamehe, mama.” Walikwenda saa ileile, chumvi ilikuwa imepanda kupita kiasi, akalazwa siku mbili, akapona. Na mfano huo wa bawabu si wangu. Mimi nilielewa vilevile kama fundi, mpaka mkewe aliponieleza kwenye simu. Yeye ndiye aliyemsikiliza daktari hadi mwisho wa sentensi.