Maua ya Kengele Kwenye Mwamba wa Juru

Juru, 5 Aprili 2009

Tantine Sidonie mpenzi,

Salamu mingi kutoka kwetu huku kambini. Mama hajambo, kikohozi kimemwacha. Mimi ni mzima, isipokuwa ile aibu yangu. Hiyo haina dawa hata kwenye meza yako ya miti-shamba hapo sokoni Kakoba. Wewe je? Miguu bado inavimba?

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Juu ya shamba letu la maharagwe kuna mwamba unaochuruzika maji mvua ikinyesha. Ndani ya nyufa zake yameota maua ya buluu, yameinama kama kengele ndogo. Nyuki akiingia, ua linatikisika lakini halilii. Nimezunguka kilima kizima. Yako fasi hiyo tu, pale mwambani. Nilimchorea mwalimu Musoni. Akafungua kitabu chake cha Kiingereza (Kifaransa changu cha kule nyumbani hakikunisaidia), akasema ni maua adimu, yeye mwenyewe hajawahi kuyaona. Akauliza, "Umeyaona wapi?" Nikatazama viatu vyangu. Mpaka leo sijamjibu. Wewe nakwambia kwa sababu hunicheki.

Mtoto wako,
Umuhire

Kakoba, 18 Aprili 2009

Umuhire binti yangu,

Miguu inavimba lakini inatembea, Mungu asifiwe. Msalimie dada yangu, mama yako, mwambie asilime kabla ya kula.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ua hilo nalijua! Kwetu milimani, kule Kivu, marehemu mama yetu alichimba mzizi wake kwa ajili ya wanawake waliojifungua na maziwa hayatoki. Miaka kumi na tatu nimelitafuta huku Uganda. Nitumie mzizi mmoja tu, niunuse. Chimba upande mmoja, ukate nusu, kisha kile kichwa chenye majani ukirudishe udongoni na ukanyage kidogo. Mama alikuwa akisema, anayeacha shimo wazi amekula mbegu.

Mwalimu usimwambie. Walimu wana midomo.

Tantine yako,
Sidonie

Juru, 9 Juni 2009

Tantine,

Habari za miguu siulizi. Nitauliza nikipoa.

Jumamosi wamekuja vijana watatu na majembe na magunia. Mama alikuwa amekwenda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, kupokea mgawo wa chakula. Mkubwa wao, Rwakabuba, akasema, "Weye ndiye Umuhire? Tantine yako anakusalimia mingi. Ametutuma. Ile fasi ya maua iko wapi?"

Nilijua, tantine. Niliona magunia nikajua. Lakini nimelelewa kwamba mtu akitumwa na mkubwa hakataliwi. Nikanyoosha kidole. Wakacheka. "Huyu bubu anatufaa!" Hiyo ndiyo dhambi yangu. Siwezi hata kuitubu kanisani, maana kwetu kutubu ni kusimama mbele ya watu na kusema.

Wamechimba kutwa. Nyufa wamezipanua kwa nondo. Mizizi ikaingia magunia, vichwa wakavitupa juu ya jiwe vikaushwe na jua. Na mashimo yote wazi! Nilihesabu arobaini nikaacha, machozi yalikuwa yamenijaa. Ile kanuni uliniandikia kwa mkono wako mwenyewe, nami niliifuata nilipokutumia ule mzizi mmoja. Ilikuwa ya kunifunga mimi tu?

Nina hasira mpaka meno yanauma.

Umuhire

Kakoba, 17 Juni 2009

Mtoto,

Salamu kwanza, mimi bado nina adabu. Tangu lini ndama anamfundisha ng'ombe kunyonyesha?

Sikiliza. Nyiransengimana, yule wa meza ya jirani, aliuona mzizi ulionitumia na akaanza kuulizia watu wa huko kambini Nakivale. Kama vijana wangu wasingekuja, wangekuja wake. Hapa wanawake wananipangia foleni na vichanga vinavyolia njaa. Niwaambie nini? Kwamba kuna ua linampendeza binti yangu? Kufunika mashimo yale kungetaka siku mbili, na Rwakabuba nilikuwa nimemlipa siku moja tu. Yataota tena. Majani ni majani.

Mwezi wa nane namtuma tena. Najua kuna uliyoyabakiza. Wewe ni damu yangu. Umwonyeshe, na usimsumbue mama yako kwa mambo haya.

Tantine yako,
Sidonie

Juru, 23 Agosti 2009

Tantine,

Mama anakusalimia, anauliza mbona umenyamaza. Mimi pia ni mzima.

Ni kweli, nilibakiza. Siku ile walipoondoka niliokota vichwa vilivyokuwa bado na unyevu, ishirini na kimoja, nikavirudisha kwenye ufa ulio kivulini na kuvizungushia mawe. Kiangazi chote nimevipandishia maji kwa kidumu. Kumi na saba vimekufa. Vinne vina majani.

Wale wanawake wako nawahurumia kabisa. Ndiyo maana sitoi hata kimoja. Hivi vinne vikiisha, watoto wao wakizaa utawauzia nini, tantine? Maneno?

Jana Rwakabuba amefika na pikipiki. "Bubu, twende." Akaweka jembe begani akatangulia. Nikasema, "Hapana." Sauti ilitoka ndogo, hata hakugeuka. Nikamkimbilia, nikakaa chini katikati ya njia, pale inapopita uani kwetu.

"Hapana! Jembe lako lirudi Kakoba!"

"Eh! Kumbe linasema? Nitamwambia tantine yako."

"Mwambie! Mwambie na mashimo yako bado yako wazi, mwizi weye!"

Hilo la mwizi naomba unisamehe, ni kijana wa watu. Mengine sikuombi. Alinizunguka kushoto, nikasogea kushoto. Akaenda kulia, nikasogea kulia. Majirani wakatoka na watoto wao kutazama. Mwishowe akatema mate, akapanda pikipiki, akaondoka na gunia tupu.

Ukimtuma tena nitakaa tena. Ukija mwenyewe, nitakupikia, nitakukanda miguu, na mwambani hatutapanda.

Mama alikuwa ndani anachambua maharagwe. Nilipoingia akaniuliza nani huyo aliyekuwa akipiga kelele hivyo uani kwake. Nikamwambia ni mimi.

Bado ni mtoto wako,
Umuhire